Tumbo la Baba

Kakamega,
Jumamosi, 14 Juni 2025

Baba mpendwa,

Nakusalimu wewe na Mama. Mimi ni mzima, kazi ipo, na mvua ya huku inangoja nianike nguo ndipo inyeshe.

Usishangae kupata barua na simu unayo mfukoni. Nimepiga mara tatu, na mara zote tatu nilipotaja tumbo ulimkabidhi Mama simu ukaenda kuangalia ng'ombe. Hao ng'ombe wameangaliwa sana mwezi huu. Basi naandika, kwa sababu kwenye karatasi huwezi kunikimbia kabla sijamaliza. Nimeipeleka ofisi ya vifurushi, utaichukua Lumakanda jioni.

Baba, ulilazwa siku sita. Kidole tumbo kilikuwa kimevimba, na mwili ukakizungushia uvimbe kama ngumi upande wa kulia. Ndiyo maana hawakukukata siku ile. Walikupa dawa za mshipa mpaka moto ukapoa, wakasema urudi baada ya wiki sita kitolewe. Wiki hizo zinaisha katikati ya Julai. Ukiendelea kungoja kinaweza kuvimba tena, na safari hii kikapasuka na kumwaga uchafu tumboni. Nimeona wanaoletwa hospitalini kwetu wakiwa hivyo. Si wote hurudi nyumbani.

Njia za kukitoa ni mbili. Ya kwanza ni ile ya siku zote: unakatwa upande wa kulia, urefu wa kidole, kinavutwa nje, kinakatwa, unashonwa. Haichukui muda na haihitaji mashine. Ubaya wake ni kidonda. Kinauma siku nyingi, mara nyingine kinaingia usaha, na kwa mwezi mmoja au zaidi hutainua hata debe la maji. Ya pili ni ya matundu. Matundu matatu madogo, moja hapo kitovuni, kamera nyembamba kama kalamu inaingia kwa moja na vyombo kwa hayo mengine. Wengi wanarudi nyumbani kesho yake, na wiki mbili baadaye wanafanya kazi nyepesi. Hospitali yetu ina mashine hiyo tangu Januari, na Daktari Moraa ana mkono mwepesi.

Njoo kwetu, Baba. Nitakupangia kila kitu.

Bintiyo,
Nekesa

*

Lugari,
22 Juni 2025

Kwako Nekesa,

Barua nimeisoma mara mbili. Mara ya pili niliisomea nyuma ya ghala ili mamako asiniulize kwa nini nimenuna.

Huku tuko salama. Mahindi yamenipita kimo na yameanza kutoa mbelewele. Viwavi walijaribu, tukawashinda. Yule ndama mwekundu amekuwa mkorofi kama wewe ulipokuwa darasa la tano.

Sasa haya mambo yako. Mimi nimechinja ng'ombe wa matanga zaidi ya ishirini, na hakuna hata mmoja niliyemtoa ini kupitia tundu la sindano. Mtu akitafuta kitu tumboni, afungue aone. Mathew wa ng'ambo ya mto alikatwa hapa hapa karibu, kwa kisu, mwaka wa nne huu. Ana mshono kama zipu, anauonyesha hata kwa watu ambao hawajauliza, na anabeba gunia la kilo tisini. Tena nimesikia kwamba hiyo njia ya matundu mnampuliza mtu hewa tumboni kama mpira. Hewa hiyo inatoka wapi na inaenda wapi?

Halafu hiyo kamera. Picha yake inaonwa na nani? Na wewe, siku kama hiyo, kazi yako hapo ndani ni gani hasa?

Mamako anasema ule vizuri.

Babako,
Wekesa

*

Kakamega,
29 Juni 2025

Baba mpendwa,

Nimefurahi umeuliza, maana anayeuliza ameanza kukubali.

Hewa ni gesi inayotoka kwenye mtungi. Inainua ukuta wa tumbo ili kamera ipate nafasi, na kazi ikiisha inatolewa. Kiasi kidogo kinachobaki mwili unakimaliza wenyewe. Bega linaweza kuuma siku moja mbili, basi.

Sitakudanganya kwamba matundu hayana lolote baya. Yanachukua muda zaidi, lazima ulale usingizi kamili, na daktari akikuta mambo yameshikana anaweza kuacha matundu na kufungua tumbo papo hapo. Kidole tumbo kikishapasuka na mgonjwa akiwa hoi, mara nyingi huku kwetu tunaenda moja kwa moja kwenye kisu. Lakini wewe sasa umepoa. Huu ndio wakati wake.

Na kuona, Baba, kunazidi kwa mbali! Picha inatokea kwenye televisheni kubwa kama dirisha la sebuleni kwetu. Kila aliye chumbani anaona tumbo zima, ini, utumbo, kila kona. Kazi yangu ni kumpa daktari vyombo, na siku ambazo msaidizi hayupo mimi ndiye ninayeshika kamera. Mkono wangu hautetemeki, Daktari Moraa mwenyewe amesema. Fikiria, mwanao ndiye atakayekuwa anammulikia njia.

Nimekuandikisha Jumatatu, 21 Julai. Usile kitu tangu Jumapili usiku.

Bintiyo anayekupenda,
Nekesa

*

Lugari,
6 Julai 2025

Nekesa,

Usinipangie tarehe.

Juzi nimekwenda hospitali ya hapa karibu kama walivyoniambia. Daktari kijana amenibonyeza upande wa kulia, akaachia ghafla, akanitazama usoni. Ameuliza kama panauma, nikamwambia hapaumi. Ameandika hivyo. Tumekubaliana nikatwe kwa kisu, hapa, mwezi wa kumi na moja, mahindi yakishaingia ghalani. Amenionya kwamba nikisikia maumivu yoyote nirudi siku hiyo hiyo.

Maumivu sina. Mambo ya tumbo tuyaache.

Wekesa

*

Kakamega,
13 Julai 2025

Baba,

Hukuandika hata "babako". Nimelia siku mbili. Nilidhani hunitaki kwa sababu mimi ni msichana, kwamba angekuwa mwana wa kiume ndiye muuguzi ungekuja mbio. Nilikumbuka ulivyotaka niwe mwalimu. Nilikuwa nimeanza kukuandikia barua nyingine kabisa, na ningeituma tungekosana kabisa.

Alhamisi nikaenda kwa Senge Nabwire. Dada yako hajabadilika, bado anauliza nitaolewa lini kabla sijaketi. Nikamsomea nakala ya niliyokuandikia, mpaka pale pa televisheni. Aliacha kuchambua mboga akaniangalia.

"Nekesa, wewe unasomanga vitabu mingi lakini babako humjui. Unataka alale uchi mbele yako, na wewe ndio umeshika taa?"

Baba, nilitamani ardhi inimeze. Nikakumbuka ulipokuwa ukioga nyuma ya nyumba, Mama alituita wasichana wote uani, mbele ya nyumba, hata kama kulikuwa na jua kali. Mwaka ulioanguka na baiskeli ukavunjika nyonga, ni Baba Mdogo aliyetoka Bungoma kukuosha, wakati mimi nilikuwa tayari nasomea uuguzi. Nilijua haya yote. Nimekaa theta, chumba cha upasuaji, miaka saba, na mle ndani mtu anakuwa kitambaa cha kijani chenye dirisha la ngozi katikati. Nilisahau kwamba safari hii ngozi ni yako.

Nisamehe. Nakuahidi hivi: siku utakayokuja sitakuwa chumbani humo, wala kwenye jengo hilo. Nitaomba ruhusa. Nitaenda Buyangu nitembee msituni na wageni wanaotafuta nyani, na nitarudi ukiwa umefunikwa shuka hadi kidevuni. Wenzangu hawatanisimulia chochote. Daktari Moraa anayo nafasi Jumatatu, 4 Agosti.

Lakini niambie ukweli kitu kimoja. Kweli hapaumi?

Bintiyo,
Nekesa

*

Lugari,
20 Julai 2025

Binti yangu Nekesa,

Nabwire ana mdomo, lakini safari hii mdomo wake umefanya kazi ya maana.

Ni kama alivyokuambia. Nimeona aibu hata ya kuandika neno aibu. Baba ana mwili wake na mtoto ana macho yake, na hivyo viwili havikutani. Nilipewa hivyo na marehemu babangu na sijui kuishi vingine. Hewa ile na matundu havikunitisha. Nilitafuta tu mahali pa kujificha, nikamtanguliza Mathew na zipu yake.

Ahadi yako nimeipokea. Tarehe nne nitakuja, nitobolewe hayo matundu, na wewe utakuwa msituni. Mamako amefurahi mpaka amechinja ingokho, kuku mzima, akasema ni ya wageni, na wageni hatukuwaona.

Mwandiko huu usikusumbue, naandikia kitandani. Kuna baridi, na hata obusuma, ugali wa jioni, ninaonja tu. Ni uzee.

Umeuliza kama panauma. Hapaumi.

Babako,
Wekesa

*

Kakamega,
Jumamosi, 2 Agosti 2025

Baba mpendwa,

Uko wodi ya wanaume, kitanda cha kumi na moja. Mimi niko hatua sitini kutoka hapo, ng'ambo ya kibaraza, na bado nakuandikia barua. Tangu Jumapili nimekuja mlangoni mara nyingi, nikaangalia kama chupa ya maji inashuka, nikarudi. Siwezi kusimama mbele yako mpaka uwe umeyasoma haya.

Jumapili saa saba mchana Mama alinipigia. Hakunisalimu. Alisema, "Tumbo limekuwa ngumu kama meza na hataki tumguse." Nikawaambia wasipite popote, wakulete moja kwa moja, maana daktari wa upasuaji wa huko alikuwa nje ya kituo. Mathew aliwaleta na pikapu yake. Saa kumi nilikuwa langoni nawangoja.

Huenda hukumbuki vizuri. Ulikuwa umekunja magoti, midomo mikavu, jasho limelowesha koti. Daktari Moraa akakubonyeza, akauliza panauma vipi. Unajua ulimjibu nini? Ulisema, "Si sana." Uso wako haukusogea hata kidogo. Nilimwona daktari akisita. Mathew ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema, "Mzee anaumwanga tangu Ijumaa ile ingine, lakini hasemi." Ndipo nami nikapata sauti nikasema, "Daktari, usiangalie uso wake. Anaumwa. Huyu hasemi." Ijumaa ile nyingine, Baba! Siku mbili kabla hujaniandikia kwamba ni baridi na uzee. Ningesoma mwandiko badala ya maneno ningepanda gari siku hiyo hiyo.

Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Matundu hayakuwezekana tena, usaha ulikuwa umeenea na shinikizo la damu linashuka. Ilikuwa ni kufungua katikati, kutoka juu ya kitovu kushuka chini. Nikakuambia sikioni kwamba mimi siingii, kama tulivyokubaliana. Nilikusudia hivyo, naapa.

Kisha Daktari Moraa akauliza nani anaingia naye. Muuguzi wa zamu alikuwa theta ya pili, kwa mama aliyekuwa akipasuliwa mtoto atoke. Wa akiba alikuwa Shianda kwa mazishi. Tungemngoja kwa muda wa saa mbili. Daktari aliniangalia tu. Hakuniamuru.

Nilivunja ahadi. Nilinawa mikono nikaingia. Nilisimama nimekupa mgongo, nikipanga vyombo, mpaka nilipoambiwa umelala. Nilitandika kitambaa mwenyewe, nikakifinya mpaka dirisha likabaki jembamba kadiri ya kisu, wala hapana kilichoonekana zaidi ya pale palipohitajika. Lakini nilikuona, Baba. Nilimpa daktari kisu cha kukukata. Nilishika bomba lililonyonya uchafu, tukakuosha na maji lita kwa lita, na ilipofika pale ambapo shinikizo lilipotea kwa dakika nzima sikuwa muuguzi tena, nilikuwa nasema "Papa, Papa" ndani ya barakoa kama mtoto. Mkono tu ndio haukutetemeka.

Ngozi hawakuishona yote. Imeachwa wazi ili isafishwe kila siku, kwa sababu ya usaha. Haya ndiyo niliyokuwa nataka kukuepusha nayo kwa matundu matatu. Utakaa hapa wiki tatu, labda nne, na hata ukirudi nyumbani hutabeba kitu kwa miezi, mahindi atavuna Mathew.

Usiponisamehe nitaelewa. Nimemwomba sista wa wodi awe anakufunga kidonda yeye, nami sitakanyaga upande huo wakati wa bandeji. Najua hukuniona. Ningeweza kunyamaza na usingejua kamwe. Lakini nimechoka na watu wa nyumba yetu wanaonyamaza.

Bintiyo,
Nekesa

*

Wodi ya wanaume, kitanda namba 11,
9 Agosti 2025

Binti yangu,

Karatasi hii nimepewa na mgonjwa wa kitanda cha kumi, ameing'oa kwenye daftari lake. Nimechukua siku tatu kuiandika, kwa hiyo usihesabu makosa.

Nilikuona.

Umesema ulinipa mgongo. Uligeuka mara moja, kuchukua kitu. Barakoa inafunika mdomo, haifuniki macho, na macho hayo ni ya mama yangu mzazi, ninayajua tangu nazaliwa. Nilitaka kusema utoke. Midomo ilikuwa imeshikana. Nikaitazama mikono yako inavyopanga vile vyuma kimoja kimoja bila haraka, nikafikiri, huyu akitoka atabaki nani? Yule mtu wa usingizi alikuwa bado anahangaika na sindano yake. Macho niliyafumba mwenyewe, kabla ya dawa. Kwa hiyo ahadi hukuivunja peke yako. Tuliivunja wawili.

Sasa mimi nina langu la kukuungamia, na ni zito kuliko lako.

Agosti ya mwaka wa themanini na sita nilisimama katika uwanja wa babangu, nimepakwa matope ya mtoni, na watu wa vijiji vitatu wananitazama. Nilikuwa na miaka kumi na tano. Unajua kwetu mvulana akikatwa jandoni hatikisi kope. Sikutikisa. Babangu alinipa ng'ombe, na mpaka alipokufa alikuwa akiwaambia wageni, huyu ndiye hakutikisa kope. Nimeishi na sifa hiyo miaka thelathini na tisa. Yule daktari kijana aliponibonyeza na kuachia, Nekesa, maumivu yalinipanda mpaka menoni. Na uso wangu ukajipanga wenyewe, kama siku ile. Yeye alikuwa anausoma uso. Nilimdanganya kwa uso kwanza, halafu kwa mdomo, kisha nikakudanganya wewe kwa kalamu mara mbili. Hakuna aliyekosea ila mimi. Matundu yako matatu nimeyakataa kwa sababu mbili: moja nilikuwa nakuficha mwili, na nyingine nilikuwa namficha kila mtu maumivu. Gharama yake iko hapa tumboni, iko wazi, inanuka.

Nimeogopa sana. Sijawahi kuandika neno hilo. Usiku wa Jumatatu nilidhani nakufa, na nilichowaza ni kwamba wataniosha watu wengine na wewe utasimama uani kwenye jua.

Jana asubuhi Daktari Moraa alipita. Joto lilikuwa limepanda na hawajui kwa nini. Akaanza kubonyeza, kushoto, katikati, kulia chini, akinitazama usoni. Nikauhisi uso ukianza kujipanga. Nikaushinda. Nikasema, "Hapo. Hapo panauma, daktari. Panauma sana." Nikalia, watu wa vitanda vinne wakinitazama. Kitanda cha kumi aligeuka ukutani kwa adabu.

Wakanipeleka kupigwa picha mchana huo huo. Kumbe kuna usaha umejikusanya chini kabisa upande wa kulia. Wameuvuta kwa sindano na leo joto limeshuka. Daktari amesema ningenyamaza siku mbili zaidi wangenifungua tena, na hajui kama ningestahimili.

Kidonda kinasafishwa saa nne. Sista wa wodi ni mtu mwema lakini ana haraka, anavuta bandeji kama anang'oa magugu. Nimemwambia kesho asije.

Njoo wewe, mama. Uje na mikono ile. Nitafunua shuka mwenyewe, na utakapogusa nitakuambia panapouma.

Babako,
Wekesa